Oili ya Mashine za Kukatia Majani: Je, Ni Lazima Ibadilishwe Kila Mara?

Mvua za masika zinapoanza kunyesha katika visiwa vya Unguja na Pemba, majani huota kwa kasi katika viwanja vya skuli, hospitali, afisi za Serikali na majumba ya watu. Mashine za kukatia majani ambazo zilikuwa zimelala bohari hutolewa nje, hutiwa petroli na kuanza kazi. Ni katika wakati huo ambapo suala moja hujitokeza baina ya watunza bustani, washika bohari na wakuu wao wa kazi: je, oili ya mashine hizi ni lazima imwagwe na kutiwa mpya kila baada ya muda, au yatosha kuitazama na kuijazia inapopungua?

Wapo wanaoamini kwamba maelekezo ya kubadilisha oili yamewekwa na watengenezaji kwa faida ya biashara tu. Wapo wanaoona kwamba mashine ndogo, isiyokwenda barabarani wala kubeba mzigo, haina haja ya kutunzwa kama gari. Na wapo wanaotoa ushahidi wa macho yao, kwamba wameona mashine iliyofanya kazi kwa miaka kadhaa bila ya oili yake kumwagwa hata mara moja. Hoja zote hizo zinastahili kujibiwa kwa maelezo na si kwa amri pekee, kwani mashine zilizomo katika taasisi za Serikali ni mali ya umma, na injini inapokwama hasara yake hubebwa na wananchi wote.

AINA MBILI ZA INJINI

Jambo la kwanza linalopaswa kufahamika ni kuwa injini ndogo za petroli ni za aina mbili, na kwamba sehemu kubwa ya mabishano hutokana na kuzichanganya aina hizo.

Aina ya kwanza ni injini ya mapigo mawili. Injini hii haina oili inayokaa ndani ya tumbo lake. Oili huchanganywa na petroli kabla ya kutiwa katika tangi, kwa kipimo alichokitaja mtengenezaji, kwa mfano sehemu 50 za petroli kwa sehemu moja ya oili. Oili hiyo hulainisha vyuma inapopita, kisha huungua pamoja na petroli na kutoka kwa njia ya moshi. Mashine nyingi za kufyekea zinazobebwa begani ni za aina hii, na vile vile mashine nyingi za boti zinazotumiwa na wavuvi wetu. Mvuvi anaposema kwamba katika maisha yake hajapata kumwaga oili ya injini, husema kweli, kwa sababu katika injini yake hakuna oili ya kumwagwa, isipokuwa ile ya giya iliyoko chini karibu na rafadha, ambayo nayo ina muda wake wa kubadilishwa.

Aina ya pili ni injini ya mapigo manne. Injini hii ina oili yake mbali na petroli. Oili hukaa chini katika tumbo la injini na hutumika tena na tena. Mashine nyingi za kukatia majani zenye magurudumu, jenereta ndogo za majumbani na pampu nyingi za maji za petroli ni za aina hii. Suala linalozungumzwa katika makala haya linahusu injini ya mapigo manne. Njia nyepesi ya kuzitambua ni kutazama: mashine yenye kizibo cha petroli na kizibo kingine cha oili, mara nyingi kikiwa na kijiti cha kupimia, ni ya mapigo manne.

KAZI INAYOFANYWA NA OILI

Watu wengi hudhani kwamba oili ina kazi moja tu, nayo ni kulainisha. Kwa hakika kazi zake ni nne. Kwanza, hutenganisha chuma na chuma kwa utando mwembamba ili visisuguane. Pili, huchukua joto kutoka kwenye pistoni na sehemu nyingine za ndani ambazo upepo wa nje hauzifikii. Tatu, husaidia ringi za pistoni kuziba, ili nguvu ya mlipuko isivuje. Nne, hubeba uchafu na kuushikilia usigande juu ya vyuma, na huzuia kutu.

Katika gari, kazi hizo husaidiwa na vyombo vingine. Gari lina pampu inayosukuma oili kila pembe, lina chujio linalonasa chembe za uchafu, na lina maji yanayopooza injini. Mashine nyingi za kukatia majani hazina hata kimoja kati ya vitu hivyo. Oili hurushwa na kijiko kidogo kilichofungwa chini ya konrodi, yaani mkono unaounganisha pistoni na krenkshafti, au na gurudumu dogo lenye meno lililozama katika oili. Hakuna chujio la oili. Upoozaji hutegemea upepo unaopulizwa juu ya mapezi ya silinda. Kwa hivyo uchafu wote unaozalishwa ndani ya injini hubakia ndani ya oili, na njia pekee ya kuutoa ni kuimwaga oili yenyewe.

Liko jambo jingine linalofaa kujulikana. Tangu kampuni ya Briggs & Stratton ya Milwaukee, Marekani, ilipotoa injini yake nyepesi ya alumini mwaka 1953, injini nyingi za mashine za kukatia majani zimekuwa zikitengenezwa kwa madini hayo. Katika nyingi ya injini hizo konrodi haina beringi ya ziada pale inaposhika krenkshafti. Alumini yenyewe ndiyo inayozunguka juu ya chuma, na kinachoitenga ni utando wa oili peke yake. Utando huo ukikatika hata kwa muda mfupi, alumini hushika chuma, konrodi huvunjika, na mara nyingi kipande chake hutoboa tumbo la injini. Injini iliyofikia hali hiyo hutupwa, kwani gharama ya kuitengeneza hukaribia au kuipita bei ya injini nyingine.

SABABU ZA OILI KUCHAKAA

Oili haiishi kwa kupungua tu. Huchakaa ikiwa bado imo. Sababu zake ni hizi zifuatazo.

Sababu ya kwanza ni joto. Katika injini inayopozwa kwa upepo, joto la oili huweza kupindukia nyuzi 100 za Sentigredi pale injini inapofanya kazi nzito. Kanuni inayofuatwa na wataalamu wa mafuta ya kulainisha ni kwamba joto linapozidi kwa kila nyuzi 10, kasi ya oili kuharibika huongezeka kiasi cha maradufu. Oili iliyoungua kwa joto huwa nzito, huacha utando mgumu juu ya vyuma na huzaa asidi.

Sababu ya pili ni gesi za mlipuko. Kila pistoni inaposukumwa, sehemu ndogo ya gesi za moto hupenya pembeni mwa ringi na kuingia katika tumbo la injini. Gesi hizo huja na masizi, mvuke wa maji na petroli ambayo haikuungua. Petroli huifanya oili kuwa nyepesi, maji huleta kutu, na masizi huifanya nyeusi.

Sababu ya tatu ni chembe za chuma. Injini mpya hutoa chembe nyingi zaidi katika saa zake za mwanzo, wakati ringi na silinda zinapozoeana. Ndiyo maana vitabu vingi vya maelekezo hutaka oili ya kwanza imwagwe mapema sana, mara nyingi baada ya saa 5 tu za kazi. Mashine nyingi huharibiwa hapa, kwani mashine mpya hudhaniwa kuwa ndiyo isiyohitaji kuguswa.

Sababu ya nne ni vumbi na mchanga. Visiwani petu udongo wa sehemu nyingi una mchanga, na wakati wa kiangazi mashine hufanya kazi ndani ya wingu la vumbi. Chujio la hewa likichanika au likifungwa vibaya, vumbi huingia katika silinda na hatimaye katika oili. Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko alumini, na oili iliyochanganyika nayo hukwangua vyuma badala ya kuvilinda.

Mwisho, viungo vilivyotiwa kiwandani katika oili ili kushikilia uchafu na kuzuia kutu navyo humalizika. Ifahamike kwamba rangi ya oili peke yake si kipimo cha kutosha. Oili huweza kuwa nyeusi mapema kwa sababu inafanya kazi yake ya kubeba masizi, na huweza kubakia na rangi nzuri ilhali imeingiwa na petroli. Oili yenye harufu kali ya petroli, au yenye rangi ya maziwa kwa sababu ya maji, imwagwe mara moja bila ya kungoja saa zake.

HESABU YA SAA

Vitabu vingi vya injini za mashine za kukatia majani huelekeza kwamba, baada ya ile ya kwanza, oili ibadilishwe kila baada ya saa 50 za kazi au mara moja kwa mwaka, lolote litakalotangulia. Vingi kati ya vitabu hivyo huongeza kwamba, iwapo mashine inafanya kazi nzito au katika joto kali, muda huo upunguzwe hadi saa 25.

Maneno hayo “mara moja kwa mwaka” ndiyo yanayowapotosha wengi. Yaliandikwa kwa kumfikiria mwenye nyumba katika nchi za baridi, anayekata majani ya uwanja mdogo kwa nusu saa au saa moja kila wiki, kisha kuifungia mashine wakati wa baridi kali. Mtu huyo huenda asifikishe saa 30 kwa mwaka mzima. Mashine ya taasisi katika visiwa hivi haina hali hiyo. Mashine inayofanya kazi saa 3 kwa siku, siku 5 kwa wiki, hutimiza saa 15 kwa wiki. Kwa hesabu hiyo saa 25 humalizika kabla ya wiki mbili, na saa 50 kabla ya mwezi. Mtunza bustani anayengoja mwaka uishe huwa ameipitisha oili moja katika kazi iliyostahili mabadiliko kumi na zaidi.

Wanaolinganisha mashine na gari nao wafanye hesabu. Gari linalokwenda kilomita 5,000 kwa mwendo wa wastani wa kilomita 40 kwa saa hufanya kazi saa 125. Ikiwa injini yake huzunguka mara 2,000 kwa dakika, itakuwa imezunguka mara milioni 15, na kazi hiyo imegawanywa katika lita 4 hivi za oili inayochujwa. Mashine ya kukatia majani huzunguka kiasi cha mara 3,000 kwa dakika. Katika saa 50 itakuwa imezunguka mara milioni 9, na oili iliyobeba kazi hiyo ni kiasi cha nusu lita, nayo haichujwi. Kwa kila lita moja ya oili, mashine ndogo huwa imefanya mizunguko karibu mara tano ya ile ya gari. Udogo wa mashine, kwa hivyo, si sababu ya kuipunguzia matunzo bali ni sababu ya kuiongezea.

Ama kuhusu gharama, hesabu nayo ni nyepesi. Injini ya kiasi hicho hutumia petroli inayokaribia lita moja kwa saa ikiwa na kazi nzito. Katika saa 50 huwa imetumia kiasi cha lita 50 za petroli, na oili inayobadilishwa ni nusu lita au zaidi kidogo. Oili ni sehemu moja tu katika mia ya petroli iliyochomwa. Hata ikibadilishwa kila saa 25 haizidi sehemu mbili na kitu. Ni vigumu kuona ni uokoaji gani wa fedha unaopatikana kwa kuacha kuibadilisha.

HOJA ZA WANAOPINGA

Hoja ya kwanza ni ya wale wanaosema kuongeza oili kunatosha. Hoja hii ina ukweli ndani yake: oili iliyopungua huiua injini kwa haraka zaidi kuliko oili iliyochakaa. Mtu anayepima oili kila siku na kuijazia, hata kama haimwagi, hutunza mashine yake vizuri kuliko yule anayeimwaga mara moja kwa mwaka na kuisahau. Lakini kujazia si kubadilisha. Anayetia maji safi juu ya mtungi wenye tope hupata maji mengi zaidi, na tope hubakia pale pale.

Hoja ya pili ni ya mashine iliyodumu miaka mingi bila ya oili yake kubadilishwa. Mashine za namna hiyo zipo, na wanaozisimulia hawasemi uongo. La kuuliza ni saa ngapi mashine hiyo ilifanya kazi katika miaka hiyo. Mashine inayotumika nusu saa kwa wiki moja moja haina miaka kumi ya kazi hata ikiwa na miaka kumi ya umri. Zaidi ya hayo, uchakavu wa ndani hauonekani. Injini huendelea kuwaka huku ikipoteza nguvu kidogo kidogo, ikianza kutoa moshi wa kibuluu na kula oili, na mwenyewe huizoea. Na mashine zilizokufa mapema hazimo katika masimulizi hayo, kwa kuwa zimekwisha kutupwa.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, nayo ni kwamba wamo watengenezaji wenyewe waliosema oili haihitaji kubadilishwa. Ni kweli. Katika muongo wa 2010 kampuni ya Briggs & Stratton ilianza kuuza baadhi ya injini za mashine za kukatia majani ambazo mtumiaji huelekezwa kupima oili na kuongeza tu. Lakini maelekezo hayo ni ya injini maalumu zilizosanifiwa kwa ajili hiyo, na hayawezi kuchukuliwa kuwa ni ruhusa kwa injini nyingine, hata zikiwa za kampuni hiyo hiyo. Injini hizo pia zimekusudiwa uwanja wa nyumba, na sio kazi ya kutwa nzima. Asiyekuwa na kitabu cha mashine yake, au asiyeona maelekezo hayo yameandikwa juu ya injini yenyewe, achukulie kwamba oili yake inahitaji kubadilishwa.

JENERETA NA FUNZO LA KUKATIKA UMEME

Mambo yaliyoelezwa hapo juu yanahusu pia jenereta ndogo. Umuhimu wake ulidhihirika Unguja ilipokosa umeme kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 kutokana na hitilafu katika njia ya umeme unaotoka Tanzania Bara kwa waya wa chini ya bahari. Kwa muda wa kiasi cha miezi mitatu, maduka, hoteli, afisi na majumba yaliyoweza kumudu yalitegemea jenereta.

Jenereta nyingi ndogo huendeshwa na injini zinazobeba kiasi cha lita 0.6 za oili, na ambazo maelekezo yake ni kubadilisha oili baada ya saa 20 za mwanzo, kisha kila baada ya saa 100 au miezi sita. Kwa mtu anayewasha jenereta saa 10 kwa usiku, saa 20 hutimia katika usiku wa pili na saa 100 katika siku ya kumi. Katika muda wa miezi mitatu oili hiyo ilipaswa kubadilishwa kiasi cha mara tisa. Aliyehesabu miezi sita, na akasahau saa, angeweza kuiendesha jenereta muda wote huo kwa oili ya kiwandani.

Inafaa kutanabahisha pia kuhusu kile kifaa kinachoizima jenereta oili inapopungua. Kifaa hicho hupima kimo cha oili tu. Hakijui kama oili ni mpya au imegeuka kuwa lami.

NAMNA YA KUBADILISHA

Kazi ya kubadilisha oili ya mashine ya kukatia majani haihitaji fundi wala haichukui zaidi ya nusu saa. Inashauriwa ifanywe kwa utaratibu ufuatao:

1. Mashine iwashwe kwa dakika chache ili oili ipate moto na kuchanganyika na uchafu uliotuama chini, kisha izimwe.

2. Waya wa plagi uchomolewe na kuwekwa mbali. Hatua hii isirukwe kwa hali yoyote, kwani kisu kinapozungushwa kwa mkono injini huweza kuwaka na kukata vidole.

3. Pembezoni mwa kizibo cha oili pafutwe kabla ya kizibo kufunguliwa, ili mchanga usitumbukie ndani.

4. Oili imwagwe katika chombo kwa kufungua nati ya chini, iwapo ipo. Kama haipo, mashine ilazwe upande wa kizibo cha oili, tangi la petroli likiwa karibu tupu na chujio la hewa likiwa upande wa juu, ili oili isiingie katika kabureta.

5. Oili mpya itiwe kidogo kidogo, mashine ikiwa imesimama mahali tambarare, na ipimwe kwa kijiti. Isizidi alama ya juu. Oili iliyozidi hutoka povu, hutoa moshi mwingi na huchafua plagi.

6. Chujio la hewa litazamwe wakati huo huo, na likiwa limechanika libadilishwe.

Kuhusu aina ya oili, kwa joto la visiwa hivi oili iliyoandikwa SAE 30 inafaa kwa injini nyingi za aina hii. Ile ya 10W-30 inaruhusiwa na watengenezaji wengi, ila katika joto kali injini zinazopozwa kwa upepo huwa zinaila zaidi, na hivyo ipimwe mara kwa mara. Oili ya injini ya mapigo mawili isitiwe kamwe katika injini ya mapigo manne.

OILI ILIYOMWAGWA

Oili chafu isimwagwe chini, wala katika mtaro, wala katika shimo la taka. Kisiwa cha Unguja hutegemea maji yaliyomo ardhini, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni mawe ya matumbawe yenye matundu, ambayo hupitisha kwa urahisi kila kinachomwagwa juu yake. Kiasi kidogo cha oili hutosha kuyafanya maji mengi yasinyweke. Oili inayomwagwa leo nyuma ya bohari huweza kufika katika kisima ambacho watoto wa mtaa huo huo wanachota maji.

Oili chafu ihifadhiwe katika dumu lenye kifuniko na kuandikwa, kisha ipelekwe kwenye gereji au mahali panapokusanywa oili ya magari. Wale wenye mazoea ya kuipaka kwenye milango na nguzo kwa ajili ya mchwa wanapaswa kufahamu kuwa oili iliyokwisha kutumika ina kemikali zinazodhuru, na kwamba kuigusa mara kwa mara kwa muda mrefu kumehusishwa na saratani ya ngozi. Anayeishughulikia anawe mikono kwa sabuni, na nguo zilizolowa oili zisivaliwe tena kabla ya kufuliwa.

DAFTARI LA MASHINE

Ugumu wa kubadilisha oili haumo katika kazi yenyewe bali katika kujua ni lini. Mashine nyingi hazina saa ya kuhesabia, mtumishi anayeitumia leo si yule aliyeitumia mwezi uliopita, na hakuna anayekumbuka. Dawa yake ni daftari. Kila mashine iwe na ukurasa wake, na kila inapotoka bohari iandikwe tarehe na saa ilizofanya kazi.

Mahali ambapo saa hazikuandikwa, kumbukumbu za petroli huweza kutumika badala yake. Tangi lijazwe hadi alama, mashine ifanye kazi ya kawaida kwa saa moja, kisha lijazwe tena na kupimwa kiasi kilichoingia. Iwapo ni robo tatu ya lita, basi kila lita 37 na nusu zinazotolewa bohari kwa mashine hiyo ni sawa na saa 50 za kazi. Mshika bohari huwa anayo hesabu hiyo tayari katika vitabu vyake, na kwa hivyo ndiye anayeweza kuwa wa kwanza kusema kwamba muda wa oili umefika, na kutoa nusu lita ya oili pamoja na petroli bila ya kungoja maombi mengine. Mkaguzi naye huweza kulinganisha petroli iliyotoka na oili iliyotoka. Pale ambapo lita mia mbili za petroli zimetumika na oili haikutolewa hata chupa moja, jibu la kwa nini injini imekwama limo katika kitabu, na wala si katika mashine.

Kwa ufupi, jawabu la suala lililoulizwa ni ndiyo, kwa injini zote za mapigo manne isipokuwa zile chache ambazo mtengenezaji wake ameeleza vinginevyo kwa maandishi. Oili ipimwe kila siku kabla ya kazi. Ya kwanza imwagwe baada ya saa 5, au kama kitabu cha mashine kinavyoelekeza. Kisha ibadilishwe kila saa 50, na kila saa 25 katika miezi ya joto na kazi nzito. Na mwenye nyumba anayetumia mashine yake kwa nadra aibadilishe walau mara moja kwa mwaka, hasa kabla ya masika. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Na katika mashine hizi ufa wenyewe huzibwa kwa nusu lita.